Upimaji wa kasi ya mawimbi ya maji

Upimaji wa kasi ya mawimbi ya maji ni zoezi la fizikia la kutafuta umbali ambao wimbi la juu ya maji husafiri katika muda fulani. Zoezi hili hufanyika katika maabara za shule kwa kutumia beseni au tangi la mawimbi. Linaweza kufanyika pia ziwani, kwa mfano kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria huko Musoma na Bunda katika Mkoa wa Mara, Tanzania.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: maji, rula na stopwochi. Hata hivyo wanafunzi wawili wanaopima wimbi lilelile mara chache hupata jibu moja. Kwa sababu hiyo zoezi hili hutumika kufundisha jambo la pili lenye uzito uleule, yaani namna ya kutambua, kupunguza na kueleza makosa ya upimaji. Kasi iliyoandikwa bila kiasi cha kosa lake haimwambii msomaji kama tofauti kati yake na kasi nyingine ni ya kweli au imetokana na mkono wa mpimaji.

Misingi

Wimbi lina vilele na mabonde. Umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata huitwa urefu wa wimbi. Muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata mahali palepale huitwa kipindi. Kasi ya wimbi ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kipindi chake.

Wimbi hubeba nishati, lakini halibebi maji kwenda nayo. Gugumaji linaloelea ziwani hupanda na kushuka wimbi linapopita chini yake, kisha hubaki karibu na mahali palepale. Likisafiri mbali, limesukumwa na upepo au mkondo. Anayepima mwendo wa gugumaji au wa kipande cha ubao hapimi kasi ya wimbi.

Tofauti na sauti hewani, mawimbi ya maji hayana kasi moja. Kasi yake hutegemea kina cha maji na urefu wa wimbi:

- Katika maji ya kina kifupi, ambapo kina ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya urefu wa wimbi, kasi ni kipeuo cha pili cha g × d. Hapa g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, takriban 9.8 m/s², na d ni kina cha maji.
- Katika maji ya kina kirefu, ambapo kina ni zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, kasi ni kipeuo cha pili cha g × urefu wa wimbi ÷ 2π. Kanuni hii inaweza kuandikwa pia kama 1.56 × kipindi, ikiwa kipindi kimepimwa kwa sekunde na kasi kwa m/s.
- Katika viwimbi vidogo sana, vyenye urefu wa chini ya sentimita 1.7 hivi, mvutano wa uso wa maji una nguvu kuliko uzito wa maji. Katika maji ya kina kirefu hakuna wimbi linalosafiri polepole zaidi ya 0.23 m/s hivi, na kasi hiyo hutokea kwenye urefu huo wa sentimita 1.7.

Mazingira ya Mara

Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara, iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria kando ya Ghuba ya Mara. Wilaya ya Bunda inagusa ziwa kwenye Ghuba ya Speke. Kijiji cha Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, kiko bara, mbali na ufuko. Shule iliyo mbali na ziwa hainyimwi zoezi hili, kwa kuwa beseni la maji linatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Tena kipimo cha beseni kwa kawaida kina makosa machache kuliko cha ziwani, kwa sababu kina cha maji kinajulikana na upepo haupo.

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini si refu kwenda chini. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi na kina kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Kwa kawaida mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo mawimbi ya ufukweni hubadilika kulingana na saa ya siku, na kila kipimo cha ziwani kinapaswa kuandikwa pamoja na saa na hali ya upepo.

Kupima kwa beseni

Njia rahisi ni kutumia beseni la plastiki la mstatili, au sanduku refu la mbao lililotandikwa nailoni. Hatua zake ni hizi:

1. Chombo huwekwa juu ya meza iliyo sawa, kisha urefu wake wa ndani hupimwa.
2. Maji humiminwa hadi kina kinachotakiwa, kwa mfano sentimita 2.0. Kina hupimwa kwenye ncha zote mbili na katikati.
3. Ncha moja ya chombo huinuliwa kidogo, sentimita moja au chini yake, kisha hurudishwa chini mara moja. Wimbi huanza kwenda na kurudi kati ya kuta mbili.
4. Mpimaji huacha wimbi ligonge ukuta mara moja ndipo aanze kuhesabu muda. Husimamisha stopwochi baada ya safari 4 kutoka ukuta hadi ukuta.
5. Kipimo hurudiwa angalau mara 5 kwa kina kilekile. Kisha kina hubadilishwa na kazi huanza upya.

Kasi ni umbali wote uliosafiriwa ukigawanywa kwa muda wa wastani. Kwa kanuni ya maji ya kina kifupi, kasi inayotarajiwa ni hii:

- kina cha sentimita 1.0: 0.31 m/s
- kina cha sentimita 2.0: 0.44 m/s
- kina cha sentimita 3.0: 0.54 m/s
- kina cha sentimita 4.0: 0.63 m/s

Safari 4 zina sababu yake. Binadamu huchelewa takriban sekunde 0.2 kubonyeza stopwochi baada ya kuona tukio. Katika beseni la sentimita 60 lenye kina cha sentimita 2.0, safari moja huchukua sekunde 1.35, kwa hiyo kosa la sekunde 0.2 ni asilimia 15 ya kipimo. Safari 4 huchukua sekunde 5.4, na kosa lilelile la mkono huwa chini ya asilimia 4. Hii ndiyo sababu vilevile ya kupima mizunguko 20 ya bembea badala ya mmoja katika majaribio ya vitendo. Safari zikizidi sana wimbi hufifia, na mpimaji huanza kubahatisha lilipo.

Aina za makosa

Katika fizikia neno kosa halina maana ya uzembe pekee. Hutenganishwa makundi matatu.

Makosa ya uzembe ni kama kusoma 5.4 na kuandika 4.5, au kuhesabu safari 3 badala ya 4. Dawa yake ni kurudia kipimo husika. Kipimo kilichoachwa hukatwa kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, na sababu ya kukiacha huandikwa pembeni. Hakifutwi.

Makosa ya nasibu ni yale yanayofanya vipimo vitawanyike pande zote mbili za thamani ya kweli, mara juu, mara chini. Mkono unaowahi au kuchelewa kubonyeza ni mfano wake. Makosa haya hupungua kwa kurudia vipimo na kuchukua wastani.

Makosa ya kimfumo ni yale yanayosukuma vipimo vyote upande mmoja. Rula nyingi za shuleni, kwa mfano, zina kipande kitupu kabla ya alama ya sifuri. Rula yenye kipande kitupu cha milimita 5 ikisimamishwa ndani ya maji itaonyesha kina pungufu kwa milimita 5 kila mara. Wastani wa vipimo 100 kwa rula hiyo utakuwa na upungufu uleule wa milimita 5. Kurudia hakuponyi kosa la kimfumo. Huweza hata kumdanganya mpimaji, kwa kuwa majibu yanayokubaliana yenyewe kwa yenyewe huonekana kuwa sahihi.

Meza iliyoinama ni mfano mwingine. Tuseme kina ni sentimita 1.5 upande mmoja na 2.5 upande wa pili. Anayepima kina katikati hapati tatizo kubwa, kwa sababu kasi halisi ya wastani katika chombo hicho ni 0.44 m/s, karibu sawa na ya kina cha sentimita 2.0. Anayepima kwenye ncha ya sentimita 2.5 tu atatarajia 0.50 m/s, kisha ataona kipimo chake kimepungua kwa zaidi ya asilimia 10. Anaweza kudhani kanuni ni mbovu kumbe ni mguu wa meza.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa beseni la sentimita 60.0 lenye kina cha sentimita 2.0. Muda wa safari 4, kwa sekunde, umekuwa 5.3, 5.6, 5.5, 5.2 na 5.6.

Wastani ni 27.2 ÷ 5 = sekunde 5.44. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ni 0.4, na nusu yake ni 0.2. Kwa hiyo muda ni 5.4 ± 0.2, yaani kosa la takriban asilimia 3.7.

Urefu wa beseni umepimwa kwa kosa la sentimita 0.5, kwa kuwa kuta zake zimepinda kidogo. Hilo ni asilimia 0.8. Kuzidisha kwa 4 hakubadilishi asilimia hiyo, kwa maana kosa nalo huzidishwa kwa 4.

Kasi ni 2.40 ÷ 5.44 = 0.441 m/s. Katika kugawanya, asilimia za makosa hujumlishwa: 3.7 + 0.8 = 4.5. Asilimia 4.5 ya 0.441 ni 0.02. Jibu huandikwa 0.44 ± 0.02 m/s.

Kuandika 0.44118 m/s, kama kikokotoo kinavyoonyesha, ni kudai uhakika usiokuwepo. Tarakimu za jibu hazipaswi kwenda mbali kuliko kosa lake.

Kasi inayotarajiwa nayo ina kosa, kwa sababu kina kimepimwa na mtu. Kosa la milimita 1 katika milimita 20 ni asilimia 5. Lakini kasi hutegemea kipeuo cha pili cha kina, hivyo asilimia hiyo hupungua kwa nusu na kuwa 2.5. Kasi inayotarajiwa ni 0.44 ± 0.01 m/s. Majibu mawili yanapofunikana namna hii husemwa kwamba yanakubaliana ndani ya mipaka ya makosa. Kukubaliana huko hakuthibitishi kanuni kwa kina chochote kile, bali huonyesha kwamba jaribio hili halikuona tofauti.

Grafu na makosa yaliyojificha

Njia nzuri ya kufichua kosa la kimfumo ni kubadilisha kina na kuchora grafu. Kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe na kuwekwa kwenye mhimili wa wima, na kina kikawekwa kwenye mhimili wa ulalo, kanuni ya kina kifupi hutoa mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Mwinamo wa mstari huo ni g, takriban 9.8 m/s².

Grafu hutenganisha aina mbili za makosa. Makosa ya nasibu hutawanya nukta juu na chini ya mstari. Kosa la rula yenye kipande kitupu huinua mstari wote bila kubadilisha mwinamo wake. Kwa upungufu wa milimita 5, mstari hukata mhimili wa wima kwenye 0.049 m²/s² badala ya sifuri. Mwanafunzi anayelazimisha mstari wake upite kwenye sifuri kwa sababu "ndivyo inavyotakiwa" huitupa taarifa yenye thamani kuliko zote katika daftari lake.

Kupima ziwani

Kwenye gati au ufuko, njia rahisi ni kuhesabu vilele vinavyopita kwenye nguzo moja. Hesabu huanza na sifuri kilele cha kwanza kinapopita, siyo na moja. Anayeanza na moja na kuishia 20 amepima vipindi 19 tu. Ikiwa kipindi cha kweli ni sekunde 2.5, atapata sekunde 47.5, atagawanya kwa 20, na kosa lake litakuwa asilimia 5.

Kipindi cha sekunde 2.5 katika maji ya kina kirefu hutoa kasi ya 3.9 m/s na urefu wa wimbi wa takriban mita 9.8. Kanuni hii inadai kina cha mita 5 hivi au zaidi. Ikiwa maji ya gatini yana kina cha mita 1.5 tu, kasi ya kweli ni karibu 3.2 m/s. Stopwochi inaweza kuwa sahihi na hesabu pia, lakini jibu likazidi kwa zaidi ya asilimia 20 kwa sababu kanuni iliyotumika si ya mahali hapo.

Njia ya pili ni kusimika nguzo mbili, kwa mfano mita 10 kutoka moja hadi nyingine, na kupima muda wa kilele kusafiri kati yake. Mstari wa nguzo lazima ufuate mwelekeo wa wimbi. Ukiwa na pembe ya nyuzi 30 na mwelekeo huo, kilele huonekana kusafiri kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 15. Kosa hili huongeza tu, kamwe halipunguzi.

Mahali penye mkondo, kama karibu na mdomo wa Mto Mara, wimbi linalofuata mkondo huonekana kwenda haraka na linaloukabili huonekana kwenda polepole. Mawimbi ya namna moja yakipimwa pande zote mbili, wastani wa kasi hizo ni kasi ya wimbi ndani ya maji, na nusu ya tofauti yake ni kasi ya mkondo.

Makosa na maamuzi

Ukubwa wa kosa una maana zaidi pale mtu anapoamua jambo kwa kutegemea kipimo. Katika maji ya kina kirefu kundi la mawimbi, na nishati yake, husafiri kwa nusu ya kasi ya vilele vyake. Mawimbi yenye kipindi cha sekunde 4 yana vilele vinavyokwenda 6.2 m/s, lakini kundi huenda 3.1 m/s. Kutoka umbali wa kilomita 30 kundi hilo litafika baada ya saa 2 na dakika 40 hivi. Kama kipindi kina kosa la asilimia 10, muda huo unaweza kuwa wowote kati ya saa 2 na dakika 25 na karibu saa 3. Kwa mvuvi mwenye mtumbwi kingo hizi mbili hazina uzito sawa: akijipanga kwa muda mfupi na mawimbi yakachelewa, amepoteza kazi ya nusu saa hivi, akijipanga kwa muda mrefu na yakawahi, yanamkuta majini.

Hesabu hii si utabiri. Dhoruba yenyewe inaweza kusafiri haraka kuliko mawimbi yake. Utabiri wa hali ya hewa nchini hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Kanuni ya beseni hutumika pia kwa maji makubwa. Kwa kina cha mita 40, wimbi refu linaloyumbisha Ziwa Viktoria lote lingesafiri takriban 20 m/s, na kwenda na kurudi kwa urefu wa ziwa wa kilomita 337 kungechukua saa 9 na nusu hivi. Hayo ni makadirio tu, kwa kuwa kina cha ziwa hakilingani kila mahali. Katika bahari yenye kina cha mita 4,000 kasi hufikia takriban kilomita 710 kwa saa. Ndiyo maana tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra, Indonesia, ilifika pwani ya Afrika Mashariki siku hiyohiyo na kuua watu Somalia, Tanzania na Kenya.

Historia

Kanuni ya maji ya kina kifupi ilitolewa na mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange katika karne ya 18. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell alifuata kwa farasi wimbi moja lililosafiri peke yake katika mfereji karibu na Edinburgh, Uskoti. Baadaye alipima mawimbi ya aina hiyo katika tangi na kuona kwamba wimbi lenye kimo kikubwa huenda haraka kidogo kuliko kanuni ya Lagrange inavyosema. Hii ndiyo sababu ncha ya beseni huinuliwa kidogo tu.

Tanzania ina mfano wake maarufu wa kipimo kilichopingana na matarajio. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Pamoja na mwanafizikia Denis Osborne alichapisha matokeo hayo mwaka 1969. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuzaa tofauti ya namna hiyo, na mjadala umeendelea. Mpemba hakulificha aliloliona kwa sababu halikufanana na kitabu, na waliomfuata hawakulipokea bila kuuliza kipimajoto kiliwekwa wapi.

Usalama

Ziwa Viktoria lina maeneo yenye mamba na viboko, na maji ya ufukweni huweza kuambukiza kichocho. Wanafunzi hupima wakiwa juu ya gati au nchi kavu wakiwa na msimamizi, na hawaingii majini kusimika nguzo. Zoezi la ziwani huahirishwa kukiwa na radi au upepo mkali. Kazi ya siku hiyo inaweza kufanyika kwa beseni.